Nimelipa Hela Kwenda Kuchuma Kahawa Kolombia, Mama Kanicheka Hadi Basi

Haya jamani mambo vipi, mko salama huko? Mnanisikia? Kama kuna kitu mnasikia kinapiga nyuma huko ni mvua juu ya bati, hapa inanyesha kila siku kuanzia saa nane saa tisa mchana kama vile imesaini mkataba na mtu, na huyo jogoo sijui ana shida gani anawika mchana kutwa, nimejaribu kurekodi mara tatu nikaona isiwe kesi, mtatusikiliza wote, mimi na mvua na jogoo.

Leo sipo Houston, Marekani ninakoishi. Wale mlioona picha niliyoweka juzi mkasema dada umerudi nyumbani Marangu, Kilimanjaro, kimyakimya bila kutuambia, hapana, sijarudi, natamani. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona hiyo migomba? Na hapo chini ya migomba mnaona nini? Kahawa. Mnaona huo mteremko ulivyokaa kama unataka kukudondosha? Yani ukimchukua mtu wa Rombo ukamfunga kitambaa machoni ukaja kumwachia hapa atauliza gari za kwenda mjini Mkuu zinapita wapi. Lakini hii ni Kolombia jamani, Amerika ya Kusini, mkoa unaitwa Quindío, mji wa karibu unaitwa Salento, uko mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, shamba lenyewe liko chini kidogo ya mji. Kwa hiyo mkisikia joto la tropiki msidhani nimekaa natokwa jasho, usiku hapa nalala na mablanketi mawili na soksi.

Nimekujaje huku, hadithi fupi. Mnajua kazi yangu, nalea wazee, shifti za usiku, na mwaka huu nilikuwa na likizo ya siku kumi na mbili ambayo nisipoitumia inapotea. Nyumbani nauli nimeangalia nikafunga simu. Kazini kuna dada mmoja Mkolombia tunashea shifti, ndio akaniambia we si unasema kwenu ni kahawa, kuna familia naifahamu wanapokea wageni shambani, unalala, unakula, ukitaka kusaidia kazi unasaidia, ukitaka kukaa unatazama milima basi kaa. Nikaruka Bogotá, nikachukua ndege nyingine ndogo mpaka mji wa Armenia, ndio, Armenia, kuna Armenia nyingine huku, halafu basi dogo mpaka Salento kama dakika arobaini na tano.

Kutoka Salento kuja shambani ni jipu. Na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu nyie watu wa Hiace mtafurahi. Hizi jipu ni Willys, zile za jeshi la Marekani za vita vya pili vya dunia, vita vilipoisha zikaanza kuletwa huku, na mpaka leo zinafanya kazi, zimepakwa rangi nyekundu, kijani, njano, zinapanga foleni pale uwanjani. Ndani wanakaa watu wanane, kumi, na wanaobaki wanasimama nyuma kwenye bampa wamening'inia kama makonda wa Mbagala. Kuna magunia juu, kuna mkungu wa ndizi, kuna mama ana kuku kwenye boksi. Mimi nikasema siti ya mbele, dereva akaniangalia akaniambia mbele kuna bibi, nyuma. Nikaning'inia. Buti mpya, begi mgongoni, mvua inaanza. Halafu watu wananiongelesha Kihispania cha kasi, mimi Kihispania changu ni cha kwenye simu cha miezi minne, kumbe wanadhani natoka Chocó au Buenaventura, kule pwani ya Pasifiki ambako Wakolombia weusi ni wengi. Nikiwaambia Tanzania wanasema aaah, halafu kimya, halafu mmoja anasema Kilimanjaro! Nikamwambia ndio hapo hapo, nyumbani kwetu ni kwenye miguu yake. Hakuamini.

Na hili niliambiwa na kijana mmoja wa huko Pasifiki ambaye yuko hapa shambani anachuma msimu huu: kaskazini karibu na Cartagena kuna kijiji kinaitwa San Basilio de Palenque, mababu zao ni watumwa waliotoroka, na wana lugha yao mpaka leo ambayo ng'ombe wanamwita ngombe. Ngombe jamani! Nilitaka nifunge safari siku hiyo hiyo.

Sasa nyumba. Wenyeji wangu ni mama na mzee, wameniomba majina yao nisiyaweke mtandaoni, nikasema sawa, kwa hiyo mama nitamwita Doña kama wanavyomwita majirani, ni kama sisi tunavyosema Bi fulani, na mzee nitamwita Don. Doña ana miaka sitini na kitu, mfupi, anaongea na kuku. Kuanzia siku ya kwanza ananiita mija, maana yake mwanangu, na mzee akiongea na mke wake anamwambia usted, yani kwa heshima, kama vile anaongea na mwalimu mkuu, miaka arobaini ya ndoa. Nilipenda hiyo.

Nyumba ni ya mianzi na udongo, imepigwa lipu nyeupe, milango na madirisha rangi ya bluu na chungwa, baraza inazunguka pande zote. Hiyo mianzi yao wanaiita guadua, minene kama paja la mtu. Nikamwambia Doña kwetu nyumba ya udongo watu wanaivunja wakipata hela tu ya tofali za bloku, akaniambia mija, tarehe 25 Januari 1999 ilikuwa mchana nilikuwa hapo jikoni. Tetemeko. Armenia mjini nyumba za zege zikaanguka, watu zaidi ya 1,000 walikufa, na hii hapa ikacheza ikacheza ikatulia, bati tatu tu ziliteleza. Akagonga ukuta na kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni. Sikumjibu kitu, nyumba ya bibi yangu tulishaivunja 2009.

Chakula nitawaambia haraka maana njaa inauma. Asubuhi arepa, ni mkate wa mahindi, mviringo, wanachoma juu ya wavu, kwa mimi hauna chumvi ya kutosha. Ndizi mbichi wanakaanga, wanaitoa, wanaiponda iwe bapa, wanakaanga tena mpaka inalia ukiuma, wanaiita patacón, pembeni samaki wa mtoni. Maharage kila siku. Na kuna kinywaji kinaitwa aguapanela, nikapewa kikombe cha moto jioni ya kwanza nimelowa, nikanusa, nikasema hii harufu naijua. Sukari guru! Ile ile, kipande cha sukari guru wametia kwenye maji ya moto, wengine wanaweka ndimu, wengine wanazamisha jibini humo humo inayeyuka, mimi jibini nimekataa, kuna mipaka.

Bei, najua mnasubiri bei. Nalipa peso 80,000 kwa usiku, kulala, chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Dola moja ni kama peso elfu nne, kwa hiyo ni dola ishirini hivi, kwa hela ya kwetu elfu hamsini na kitu. Waifai ipo lakini mvua ikinyesha inaondoka na mvua.

Basi. Siku ya kwanza nikakaa. Siku ya pili nikaenda bonde la Cocora kuona ile miti yao maarufu, inafanana na mnazi lakini imenyooka kama nguzo ya umeme, mingine inafika mita 60, ndio mti wa taifa, nimepiga picha mia mbili, nitaziweka. Siku ya tatu asubuhi saa kumi na moja na nusu Doña akagonga mlango, kashika kikapu cha plastiki na mkanda. Hakusema kitu, akanifunga kiunoni. Nikacheka peke yangu, nikamwambia kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikajitahidi kuitafsiri kwa Kihispania changu hicho, sijui nilisema nini maana aliniangalia akaenda kuniletea jembe kweli.

Sasa nisikilizeni. Mimi kuchuma kahawa nimechuma. Mtoto wa Kichaga akikwambia hajachuma kahawa huyo kazaliwa Dar. Mimi nilikuwa nachuma likizo za shule, na nilikuwa nachukia, nitawaambia ukweli, nilikuwa najificha chooni na daftari nasema nasoma, mama anaita mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo nikaingia shambani na maringo, nikajua hawa watanishangaa. Kha! Mteremko umekaa kama ukuta, chini tope, buti zinateleza, kikapu kikianza kujaa kinakuvuta mbele, unachagua nyekundu tu, mbichi unaiacha, iliyokauka unaitoa kwa sababu kuna kimdudu kinatoboa punje na kinabaki humo. Na mbu wadogo wadogo weusi hao huwasikii, unaona tu damu. Kufika saa nane mchana mvua inaanza tukaenda kwenye mzani. Yule kijana wa Pasifiki kilo 104. Mama mmoja ambaye ni bibi kabisa ana wajukuu, kilo 87. Mimi? Kumi na tisa. Kilo kumi na tisa jamani na nimechuma na majani. Wanalipwa kwa kilo, wakati huu ni peso elfu moja kilo, kwa hiyo kama ningekuwa kibarua siku hiyo ningepata dola tano kasoro, na kulala nadaiwa dola ishirini. Don alihesabu hivyo hivyo kwa sauti mbele ya watu wote, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Lakini mezani usiku Don alikuwa hacheki. Vibarua hawapatikani. Zamani msimu ukianza walikuwa wanakuja watu kutoka mikoa mingine wanajaa, kuna jengo pale nyuma lina vitanda vya juu na chini vya watu ishirini, saa hizi wamelala sita. Vijana hawataki. Kahawa ikiiva haisubiri, inadondoka chini. Na huku wana misimu miwili, mkubwa ndio huu wa miezi ya mwisho wa mwaka, na mdogo wa katikati ya mwaka wanauita mitaca, kwa hiyo shida hiyo anaipata mara mbili.

Don kila asubuhi kabla ya kunawa anaangalia simu. Nilidhani anaangalia habari, kumbe bei. Wana shirikisho lao la wakulima la tangu 1927, linatangaza bei ya siku, kwa mzigo wa kilo 125 wa kahawa iliyokauka bado iko na ganda lake la ndani, na mkulima akipeleka leo analipwa leo bei ya leo. Mimi nikakumbuka babu, yeye alikuwa anapeleka chama cha ushirika anapewa malipo ya kwanza, halafu inasubiriwa kahawa iuzwe mnadani Moshi ndio yaje malipo ya pili, na ada zetu za shule zilikuwa za hayo malipo ya pili, kwa hiyo nyumba nzima tulijua neno mnada kabla ya kujua neno benki. Don akaniuliza kipi bora. Nikamwambia sijui, we bei ikishuka asubuhi unaonaje? Akasema siku hiyo sinywi chai. Hawa ni wagonjwa wa presha wa kila siku, babu alikuwa mgonjwa wa mara moja kwa mwaka.

Halafu kuna hili la kukausha, hapa nina aibu nitawaambia. Kahawa ikishamenywa, mashine ni ile ile ya babu ila yao ina mota, inalala usiku kucha kwenye tanki, asubuhi inaoshwa, na hiyo harufu ya asubuhi ya tanki jamani, kama mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ya siku ya pili, nilisimama pale kama mjinga. Inapelekwa kukauka juu ya nyumba. Sikilizeni hii akili: juu ya stoo kuna sakafu ya mbao, na paa lenyewe liko kwenye reli, lina magurudumu, jua likitoka unalisukuma lote linaenda pembeni kahawa inaanikwa, mvua ikija unalirudisha. Sisi kichanja na turubai, si ndio? Turubai lina matundu, na mmoja anashika hapa mwingine pale, na kahawa ikilowa hakuna anayekula.

Siku moja Don yuko shamba la chini, Doña kaenda mjini, mimi nimekaa hapa hapa nilipokaa, nimevaa hedifoni, naediti vidio. Sikusikia. Nimekuja kushtuka maji yamefika kwenye miguu yangu. Yani mwili uliruka kabla ya akili, nilisikia kabisa sauti ya bibi yangu, kahawaaa, nilipanda ile ngazi peku. Nasukuma paa haliendi. Nasukuma haliendi. Kumbe kuna kipini cha chuma kinachozuia gurudumu, sikukijua, nikaliburuza mpaka nusu likakwama, nusu ya kahawa imefunikwa, nusu inaogelea, nami nimelalia kahawa na kanga nimeitandaza kama itasaidia kitu. Don kapanda kanikuta hivyo. Nikajua leo nafukuzwa, kwa sababu kwetu ningechapwa, na si utani, mwaka nilipokuwa darasa la tano nilichapwa kwa hilo hilo. Yeye akachomoa kile kipini, paa likaenda kwa kidole kimoja. Akanipa reki ya mbao, akasema geuza. Basi. Tukageuza mpaka giza, na siku tatu baadae imekauka, ingawa naona ule upande ameuweka kwenye magunia ya peke yake, hajaniambia kwa nini na mimi sijauliza.

Kahawa yenyewe ya kunywa. Hapa asubuhi ya kwanza nililetewa kikombe kidogo, nyeusi, wanaiita tinto, nikanywa, nikamwambia Don hii ni nzuri sana, ni ya dukani? Akakasirika kidogo. Ni ya hapo, akaonyesha dirishani. Kisha akanieleza kwamba baba yake alilima kahawa miaka hamsini na hakuwahi kunywa kahawa yake nzuri. Nzuri ilikuwa inauzwa yote nje. Walichokunywa nyumbani ni pasilla, yani punje zilizovunjika, nyeusi, zilizotobolewa, yale mabaki ya kuchambua, wanakaanga mpaka inaungua ili usisikie ladha, wanatia sukari guru nyingi. Na mpaka leo Kolombia wananunua kahawa nyingi ya bei rahisi kutoka nchi kama Peru na Brazili wanywe wenyewe, ya kwao nyingi inapanda meli. Don ameanza kubakiza magunia machache ya kwake miaka kama minane iliyopita walipoanza kupokea wageni, anakaanga hapa hapa, kwa sababu mgeni anakuja shambani anaomba kahawa na ilikuwa aibu kumpa ile.

Mimi nikamwambia babu yangu hata hiyo mabaki hakunywa. Alikunywa chai. Chai ya maziwa, majani ya dukani, miaka yote kazungukwa na mibuni. Tena kwa Tanzania nadhani anayejua kunywa kahawa ni mtu wa pwani ambaye hana hata mbuni mmoja, anakaa na kashata yake jioni anabishana mpira, au Mhaya wa Bukoba anayeitafuna. Sisi tulioilima tulijua bei yake tu. Ladha yake mimi nimekuja kuijua Houston, kwenye kikombe cha karatasi, dola sita, kimeandikwa Kilimanjaro.

Mjini Salento wameandika kila mahali UNESCO, UNESCO, kwa sababu 2011 eneo lao hili lote la kahawa liliingizwa kwenye urithi wa dunia, na ni hiki hiki, migomba na kahawa na nyumba mteremkoni. Kihamba jamani, lile shamba letu la nyumbani la Kichaga! Na msidhani sisi hatujulikani, FAO nao, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliitambua kihamba ya Shimbwe Juu pale Moshi kuwa urithi wa kilimo, nani kati yenu alishasikia? Mimi nimelisoma nikiwa huku, nimekaa kitandani na soksi.

Hicho kitanda sasa. Chumba nilichopewa kina kitanda kimoja, meza, na kwenye ukuta kuna picha ya timu ya mpira imekwanguka kwanguka, na kabati lina stika za watoto. Dirisha ni la mbao, usiku upepo ukija linagonga, paa, paa, paa, siku mbili sijalala, siku ya tatu nikalifunga na kamba ya kiatu.

Jumapili Doña kavaa vizuri, kapaka na lipstiki, kaegesha simu kwenye kopo la sukari. Mtoto wake wa kiume anapiga. Yuko Madrid, mwaka wa saba huu, anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa. Doña kamzungusha na simu shamba zima: mwone mbwa, mwone kuku mweupe kaatamia, ona kahawa, ona, ona ilivyo nyingi mwaka huu. Kijana anajibu ndio mama, ndio mama, sawa mama. Alikuwa kwenye treni. Na nikayaona macho yake hayapo kwenye kahawa, yako juu kidogo pembeni, anasoma kitu kingine kwenye simu hiyo hiyo. Hayo macho nayajua. Ni macho yangu mimi. Mama yangu ananionyesha ndama mimi nasoma meseji ya shifti. Sikuwahi kuiona kutokea upande huu wa simu, upande wa aliyepaka lipstiki.

Halafu Doña akanivuta nimsalimie, huyu ndio mgeni wetu, Mwafrika, anatoka kwenye kahawa pia. Kijana akacheka, akauliza, umelala chumba changu? Nikasema ndio. Akakaa kimya kidogo, treni inapiga kelele. Akaniuliza, dirisha bado linagonga? Nikamwambia linagonga sana, nimefunga na kamba ya kiatu. Akasema nyuma ya mlango, chini, kuna msumari umening'inia kwenye uzi, ingiza kwenye tundu la fremu upande wa kushoto.

Nimeenda nikaukuta. Miaka saba upo hapo kwenye uzi.

Vyumba vyote vya wageni hapa ni vitatu. Hiki cha huyu, cha pili cha binti aliyeolewa mji wa Pereira, na cha tatu cha mtoto mkubwa ambaye yuko Bogotá anaendesha gari. Sikuwa nimeliwaza kabla.

Jana nimepika machalari, nimewaambia leo nyie kaeni. Ndizi mbichi zao, nyama ya ng'ombe, nyanya, kitunguu, kidogo sikupata kila kitu lakini ilitoka. Doña kaonja, Don kaonja, wakaangaliana, wakasema aaa, sancocho, ndio supu yao nzito ya nyama na ndizi. Nikasema hapana, machalari. Wakasema sancocho bila mahindi. Tumebishana dakika ishirini, Don akala sahani tatu za sancocho bila mahindi.

Ndio leo asubuhi nikampigia mama, huku saa moja, kule saa tisa alasiri. Nikamwonyesha kila kitu, na leo simu niliishika vizuri, sikusoma kitu kingine. Migomba, kahawa, paa la magurudumu, hilo paa alilipenda akaniambia rudi rudi nilione tena. Akaniuliza unafanya nini hapo, nikamwambia nachuma. Akasema wanakulipa ngapi? Nikamwambia mama, mimi ndio nawalipa. Kimya. Shilingi ngapi? Elfu hamsini na kitu kwa siku. Mama alicheka jamani, alicheka mpaka simu ikaanguka nikawa naona dari la jikoni, namsikia anamwita jirani, njoo usikie, njoo usikie huyu aliyekuwa anajificha chooni.

Alipookota simu akajifuta macho na kanga akasema, chumba chako hapa mwalimu mgeni alikuja kuulizia apange, nikamwambia kina mtu. Halafu akaniuliza Krismasi unapanda? Mnajua Desemba kwetu, hata aliyeko Sumbawanga anapanda, yani anarudi nyumbani mlimani, na mimi hii ni ya sita sijapanda. Nikamwambia ngoja niangalie shifti. Akasema haya. Akaanza kunieleza habari za ndama.

Mvua naona imekata. Ngoja, ngoja, Doña ananiita huko juu, nikawasaidie kusukuma paa, kipini sasa nakijua kiko wapi.